Muhuri wa "Hongera" unatoka kinyume

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi nipo Morogoro, natengeneza kadi za harusi na kipaimara kwa mkono. Nimenunua Cricut Explore Air 2 iliyotumika, ile mashine ya kukata maumbo inayoongozwa na kompyuta, nikajaribu kukata muhuri wa neno "Hongera" kwenye sponji ya rangi, zile shiti nyembamba za "foam" wanazotumia watoto shuleni. Kwanza neno linasomeka kinyume. Pili, O na G zinachanika. Tatu, wino unashika mabakamabaka. Niachane na sponji niende kwa wachonga mihuri?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiiache sponji, inafaa sana kwa kadi za mkono.

Kinyume kinaondoka kirahisi. Kabla ya kukata, iambie programu igeuze neno kama linavyoonekana kwenye kioo. Ukilisoma vizuri juu ya mkeka, ule ubao unaonata unaoingia kwenye mashine, jua kwenye kadi halitasomeka.

Kuchanika ndiko kunakohitaji utulivu. Kisu cha kawaida cha mashine yako kina ncha ya nyuzi 45, nacho kwenye sponji huvuta kabla hakijakata. Tafuta kisu cha kina, kile chenye kishikio cheusi, cha nyuzi 60. Chukua shiti ya unene wa 2 mm, isizidi hapo, tena yenye gundi mgongoni, uibandike kwenye mkeka unaonata sana. Mashine ipite mara mbili au tatu kwa nguvu ndogo; pigo moja zito ndilo linalokula kona za G. Kisha tazama ile fito ya mbele: kama ina pete ndogo nyeupe zinazosogea, zisukume zote hadi pembeni kulia, maana zikipita juu ya sponji zinaacha mashimo, na kila shimo utaliona kwenye kadi kama doa jeupe.

Ukishakata, usizing'oe herufi moja moja. Toa kwanza mabaki, pamoja na matumbo ya herufi kama O na A. Bandika solotepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, juu ya neno zima, uliinue lote kwa pamoja, uondoe karatasi ya mgongoni na ulishushe kwenye kipande cha plastiki angavu. Mfuniko wa kasha la CD unatosha kabisa, na unakuonyesha unapogonga. Halafu vua solotepu taratibu.

Sasa mabaka. Sponji mpya ina ngozi laini inayong'aa na wino unaikimbia. Chukua msasa laini kabisa, uupitishe juu ya herufi kwa mkono mwepesi, mizunguko midogo, mpaka ule mng'ao ufe, kisha futa vumbi. Mimi hatua hii siiruki hata mteja akiwa mlangoni. Wino nao upeleke kwenye muhuri: shika kidau, kile kikasha chenye kitambaa kilicholowa wino, ukigongegonge juu ya herufi, kwani muhuri ukiukandamiza kwenye kidau, kingo zinalowa. Chini ya kadi weka kitambaa kilichokunjwa, bonyeza wima, usiutikise. Kama kadi zako ni zile zinazong'aa, wino wa maji utachafua vidole vya wageni. Tumia kadi isiyong'aa.

Wachonga mihuri wanabaki na kazi yao. Majina ya maharusi kwa mwandiko wa kulala, tarehe, namba ya simu ya kamati, hayo usiyalazimishe kwenye sponji. Mstari mwembamba kuliko 2 mm unayumba ukigongwa, na siku ya pili umeng'oka. Wao huchonga raba kwa leza, na herufi ndogo zinatoka safi. Wewe kata maua, njiwa, msalaba wa kipaimara na maneno mafupi ya herufi nene, kimo cha herufi kisipungue 2 cm.

Ukimaliza kazi, futa muhuri kwa kitambaa chenye maji, uuhifadhi uso juu, mbali na jua la dirishani.