Maswali ya wasomaji: Otoskopu mbele ya mkaguzi wa hataza

Tumebuni otoskopu (kifaa cha kutazama ndani ya sikio) ya kamera yenye pete ya silikoni karibu na ncha. Mkaguzi amelikataa dai letu la kwanza, yaani sentensi ya ombi inayotaja tunachotaka kilindwe. Anasema hati moja ya zamani ina otoskopu ya kamera yenye kibofu cha kupulizia hewa, nyingine ina kiziba-sikio chenye pete laini, na fundi yeyote angeziunganisha. Lakini hati ya kwanza haina pete, na ya pili haina kamera! Tujibu vipi?
*Wahandisi wawili*

Hoja ya "hii haina pete, ile haina kamera" iacheni kabisa. Inafaa kwa pingamizi la upya, ambapo hati moja peke yake lazima iwe na kila kitu kilichotajwa katika dai. Nyinyi mmeambiwa dai halina hatua ya uvumbuzi, yaani fundi wa kawaida angelifikia bila shida, na kwa pingamizi hilo mkaguzi anaruhusiwa kuunganisha hati. Mkijibu hati mojamoja, mtakuwa hamjajibu lolote.

Ichukueni hati iliyo karibu zaidi na kifaa chenu, yaani otoskopu ya kamera, mwandike tofauti kwa maneno yaleyale ya dai. Kisha elezeni tofauti hiyo inaleta nini. Hapa ndipo majibu mengi yanapoharibika. Mkisema pete inazuia hewa isivuje, mmeshindwa. Kila anayepuliza hewa sikioni kuona kama kiwambo cha sikio kinacheza anajua kwamba hewa ikivuja kiwambo kitaonekana kimetulia, na mtazamaji anaweza kudhani kuna majimaji nyuma yake. Tatizo hilo linajulikana, na pete laini ya kuziba inajulikana pia.

Tazameni badala yake mahali pete ilipo. Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa sentimita 2.5 hivi. Theluthi ya nje ni gegedu inayonyumbulika. Theluthi mbili za ndani zimezungukwa na mfupa, na ngozi ya huko ni nyembamba kiasi kwamba ncha ngumu ikiigusa mgonjwa huruka. Kama pete yenu inakwama kwenye gegedu kabla ncha haijafika penye mfupa, basi kitu kimoja kinaziba hewa na papo hapo kinazuia ncha isizame. Kiziba-sikio hakina ncha ngumu ya kuzuiwa, kwa hiyo hati ya pili haimpi fundi sababu yoyote ya kufikiria umbali kati ya pete na ncha. Ofisi ya Hataza ya Ulaya huuliza hivi: fundi angefanya hivyo, au angeweza tu kufanya? Simameni hapo.

Sasa fungueni maelezo mliyowasilisha siku ya kwanza. Yakisema, kwa mfano, kwamba pete iko milimita 4 hadi 6 nyuma ya ncha, na yakaeleza sababu, ingizeni umbali huo katika dai. Yakisema "karibu na ncha" tu, leo hamwezi kuongeza namba. Kuupima mchoro kwa rula hakutawaokoa, maana michoro ya hataza huchukuliwa kuwa ya kuonyesha umbo, haina vipimo kamili isipokuwa imesema hivyo. Na jambo jipya likipenya bila mkaguzi kuliona, mshindani anaweza kulitumia baadaye kuifuta hataza nzima.

Kuna mtego mwingine. Tuseme umbali huo umetajwa kwenye mfano mmoja tu, ambao pete yake ina mikunjo mitatu, na mikunjo ndiyo inayoifanya ikwame mahali hapo. Mkichomoa umbali mkaiacha mikunjo, mtaambiwa mmepanua kile kilichowasilishwa. Chukueni vyote viwili, ingawa dai litakuwa jembamba zaidi.

Majaribio ya kulinganisha pete iliyo umbali huo na pete iliyo nchani kabisa yana nguvu kubwa. Yatumeni pamoja na barua ya majibu kama ushahidi, msiyaingize ndani ya maelezo. Hata hivyo, faida mnayoithibitisha lazima iwe na mzizi katika ombi la awali.

Dai langu linasema: "Mbinu ya kutambua uvimbe wa sikio la kati kwa kupiga picha ya kiwambo, kuilinganisha na picha za masikio mazima, na kuamua kama kuna ugonjwa." Limekataliwa bila hata kutafutiwa hati. Je, ni haki?
*Daktari wa masikio*

Katika ofisi nyingi, ndiyo. Mkataba wa TRIPS, yaani ule wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki za ubunifu, kifungu cha 27.3(a), unaruhusu nchi kutotoa hataza kwa mbinu za kutambua ugonjwa, kutibu na kupasua, na Mkataba wa Hataza wa Ulaya unazikataza katika kifungu cha 53(c). Kifungu hichohicho cha Ulaya kinasema katazo halivihusu vifaa vinavyotumika katika mbinu hizo. Basi geuza dai lako: otoskopu yenye kamera, chanzo cha mwanga, na kichakataji kilichopangwa kufanya ulinganisho huo. Hakikisha kichakataji na kazi yake vimeelezwa katika ombi la awali.

Ukihitaji dai la mbinu, kata hatua ya mwisho. Kwa uamuzi G 1/04 wa Ofisi ya Ulaya, mbinu ya kutambua ugonjwa inakatazwa ikiwa dai lina hatua zote: kukusanya taarifa, kulinganisha na kiwango, kuona tofauti kubwa, na kuihusisha na ugonjwa. Inayoishia kwenye picha iliyosafishwa huweza kupita. Lakini usiweke ndani hatua hata moja ya tiba au upasuaji, kama kutoboa kiwambo, maana hiyo moja inatosha kuliangusha dai zima.

Marekani haina katazo la namna hiyo, ila tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya huko katika kesi ya Mayo, mwaka 2012, madai ya utambuzi wa magonjwa huanguka mara nyingi kwa kuonekana ni sheria ya maumbile tu. Huko pia kifaa ndicho kimbilio salama zaidi.

Mkaguzi anasema maneno "ncha laini", "mwanga wa kutosha" na "ncha iliyo ndani ya tundu la sikio" hayaeleweki. Mbona daktari yeyote anayaelewa?
*Mbunifu wa vifaa*

Daktari anayaelewa, lakini mshindani wako hatajua mpaka uko wapi. Ulaini una kipimo: taja ugumu kwa skeli ya Shore A, kama namba imo katika maelezo. Kwa mwanga, futa "wa kutosha" na useme taa zimepangwaje, mathalani duara kuzunguka lenzi. Msemo wa tatu ni kosa la aina nyingine. Kifaa kilichodaiwa kikiwa tayari sikioni, mwili wa mtu umeingia ndani ya dai, na Marekani hilo halikubaliki. Andika "ncha iliyoundwa ili iingie katika tundu la sikio".

Miezi miwili kabla ya kuwasilisha ombi tulionyesha kifaa kwenye mkutano wa madaktari. Tumepoteza hataza?
*Kikundi cha watafiti*

Inategemea mnakoomba. Marekani na Japani humsamehe mvumbuzi aliyetangaza mwenyewe ndani ya miezi 12 kabla ya kuwasilisha; Japani ina taratibu za kufuata ili msamaha huo ushike. Ulaya haina msamaha kwa onyesho la kawaida kama hilo.

Hata hivyo, kilichotangazwa ni kile tu ambacho watu wangeweza kukijua. Bango lenye picha ya nje halifichui mpangilio wa lenzi ndani ya mpini. Kifaa kikipewa mtu asiyefungwa na ahadi ya siri, akawa huru kukifungua, cha ndani nacho kimeshatoka. Andikeni leo, kila mtu akiwa bado anakumbuka: nani alikishika, kwa muda gani, na nani alisaini makubaliano ya siri.

Nitafute wapi hataza za zamani za otoskopu?
*Mwanafunzi*

Katika hazina za hataza za intaneti, tafuta kwa alama ya uainishaji A61B 1/227, inayohusu vifaa vya kutazama ndani ya masikio. Maneno peke yake yatakupotosha, kwa kuwa waandishi wa hataza hukiita kifaa hiki kwa majina mengi. Kumbuka pia kwamba maombi huchapishwa miezi 18 baada ya tarehe ya kipaumbele, yaani ya ombi la kwanza kabisa, kwa hiyo ya hivi karibuni kabisa hutayaona.

Hataza ikitolewa, naweza kuanza kuuza?
*Msomaji*

Hapana. Hataza hukuruhusu kuwazuia wengine. Usalama wa kifaa cha tiba hupitishwa na mamlaka nyingine kabisa. Isitoshe, otoskopu yako inaweza kuwa imesimama juu ya hataza ya mtu mwingine ambayo bado hai.