Mita inasoma 41,300, pedali inasema vingine

SWALI

Fundi, asalaam aleikum. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Likoni na nafundisha kisiwani. Kila asubuhi navuka feri kwa miguu na watoto wangu wawili, kisha tunagombania matatu. Nimekuwa nikiweka pesa kidogo kidogo ninunue gari.

Jirani ya mamangu pale Tudor ana Peugeot 504 ya marehemu mumewe. Mzee alilinunua jipya mwaka 1982. Limesimama kwenye banda la mabati tangu 2009, macho yake yalipoanza kufifia, naye alifariki 2016. Mita inasoma 41,300. Wanawe wananiambia gari hili ni kama jipya kwa sababu halikutembea, na wanataka shilingi 250,000.

Nimelitazama. Rangi bado inang'aa. Viti havijachanika, ila cha dereva kimebonyea. Mpira wa pedali ya klachi umelika mpaka chuma kinaonekana. Tairi zina meno mengi, na ubavuni nimesoma namba 2308. Mzee alikuwa karani bandarini, na mamangu anakumbuka kila Idi familia ikipanda gari hilo kwenda Malindi.

Jumapili hii kijana wao mkubwa ataleta betri aliwashe, nisikie injini. Pesa ninazo. Ninunue?

Mwalimu, Likoni

JIBU

Waaleikum salaam, Mwalimu. Naanza na Jumapili, maana ndiyo iliyo karibu. Mpigie huyo kijana leo, umwombe asilete betri. Ufunguo usizungushwe hata mara moja.

Mwaka 1994 nilikuwa na gereji yangu ya kwanza, Majengo. Mama mmoja wa Kizingo aliniita nimwashie Datsun ya mumewe iliyokuwa imelala miaka sita. Nilikwenda na betri na nyaya, wanawe wamesimama kibarazani wanangoja. Liliwaka. Watoto wakapiga makofi. Halafu ikaja sauti kama sahani zinavunjwa ndani ya sanduku, na injini ikanyamaza. Tulipofungua tukakuta kuta za silinda zimeshika kutu, ringi za pistoni zimegandia hapo hapo, na moja imekatika ikakwangua silinda tangu juu hadi chini. Injini ile ilikuwa inatibika mpaka dakika niliyoigusa. Yule mama hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo linaniuma mpaka leo. Kwa hiyo nakuomba kama ninavyomwomba mwanangu: gari lililolala tangu 2009 haliwashwi ili kufurahisha mnunuzi.

Sasa mita. Umeniandikia mambo mengi kuliko unavyodhani, na yote yanasema kitu kimoja.

Rudi Tudor uhesabu tarakimu. Gari nyingi za zama zile zina tarakimu tano za kilomita, na ile ya mwisho yenye rangi tofauti ni ya sehemu ya kumi ya kilomita. Mita ya namna hiyo ikifika 99,999 hurudi sufuri na kuanza upya, wala hakuna aliyeichezea. Kwa hiyo 41,300 inaweza kuwa 41,300, na inaweza kuwa 141,300. Mita yenyewe haiwezi kukwambia ni ipi.

Mzee mwenyewe ndiye anayetwambia. Alikuwa karani bandarini. Tuseme kutoka Tudor hadi kazini ni kilomita nne tu, na nne za kurudi, siku 250 kwa mwaka: hizo ni kilomita 2,000. Malindi ni kama 120 kwenda, na 120 kurudi. Kwa Idi mbili ni 480. Kwa mwaka zinakuwa 2,480, bila harusi, bila msiba, bila kwenda sokoni Kongowea. Kwa mwendo huo mita ingefika 41,300 kufikia mwaka 1999, na gari lilitembea miaka kumi zaidi ya hapo. Tena kuna ile pedali. Mpira wa klachi hauliki mpaka chuma kwa kilomita elfu arobaini. Mguu wa mtu ulikanyaga pale maelfu kwa maelfu ya mara, kwenye foleni za Makupa.

Mimi naamini ni 141,300. Usiende kuwagombeza watoto wa marehemu. Wamesoma walichokiona, na walikuwa wadogo gari lilipokuwa likitembea. Kuhusu mwaka 2009 wamesema kweli, na tairi zinawashuhudia: tarakimu nne kama hizo, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi zilitengenezwa wiki ya 23 ya 2008. Mzee alizifunga, akatembea kidogo, akaegesha. Ndiyo maana meno bado yapo. Lakini meno yasikudanganye, mpira ule umekauka ndani. Hazifai kuvuka nazo hata feri, sembuse barabara ya Malindi.

Na kusema kweli, Mwalimu, 141,300 ningeipenda zaidi. Ukigawa kwa miaka 27, ni kama kilomita 5,200 kwa mwaka: gari lililowashwa kila siku, likapata moto, oili ikazunguka. Hiyo 41,300 ingekuwa gari la kuwashwa, kusogezwa na kuzimwa kabla injini haijapata joto, na injini ya namna hiyo hujaa maji ndani ya oili na masizi kwenye ringi. Watu wa mjini kwetu wanalipia uchache wa kilomita kama wanavyolipia dhahabu kwa uzito. Kwa gari la zamani mimi huuliza limelala wapi, limelala vipi, na siku ya mwisho liliegeshwa na nani.

Limelala Tudor, penye mkono wa bahari. Hewa ya pale ina chumvi mchana na usiku, na banda la mabati huzuia mvua tu. Kama sakafu ni mchanga, unyevu umekuwa ukipanda chini ya gari miaka yote hii. Rangi kung'aa hakunipi moyo. Inua mazulia ya ndani uguse bati kwa vidole. Lala chini na tochi, utazame kingo za chini za milango na zile sehemu za mbele ambapo springi hushikilia mwili wa gari. Chukua sumaku, uifunge kitambaa chembamba isikwaruze, uipitishe pole pole kwenye milango na mbawa. Pale isiposhika, chini ya rangi kuna puti badala ya bati. Bonyeza kingo za chini kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye mkate, waage kwa heshima urudi Likoni, maana injini hutengenezwa na breki hutengenezwa, lakini bati lililoliwa la 504 utalichomelea mpaka mshahara uishe.

Kwa injini, bila kuiwasha, tazama mawili. Vuta kijiti cha oili. Oili nyeusi si neno. Ikiwa na rangi ya tui la nazi, maji yameingia. Kisha fungua kifuniko cha rejeta. Injini ya 504 ina kichwa cha aluminiamu, na silinda zake ni slivu, yaani mabomba ya chuma yanayooga moja kwa moja ndani ya maji. Ikitiwa maji matupu kwa miaka, metali hizo mbili hulana. Hapa Mombasa mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu mtu akikosa maji ya mfereji huchota ya kisima, na visima vyetu vingi vina chumvi. Ukikuta tope la rangi ya matofali, jua utanunua gasketi ya kichwa na za slivu, na pengine kichwa chenyewe. Jambo moja la kheri: taimingi ya injini hii ni ya cheni, si belti ya mpira inayokatika kwa uzee. Gari hili lilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968 na lilijengwa kwa barabara mbaya. Mwaka 1975 lilishinda mbio za Safari hapa hapa kwetu, akiliendesha Ove Andersson. Chini ya vumbi lile mna chuma cha kuaminika, ndiyo sababu sitaki kiharibiwe Jumapili kwa pupa.

Lakini kabla ya bati na injini kuna karatasi, na hapa sina mzaha. Logbuku bado ni ya marehemu? Basi mjane hawezi kukuuzia, wala kijana mkubwa, hata wakikuandikia barua mbele ya mzee wa mtaa. Kwa Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, kifungu cha 45, kugusa mali ya marehemu bila idhini ya mahakama ni kosa. Waende mahakamani, na kama ni Waislamu Mahakama ya Kadhi ipo mjini, wapate hati ya usimamizi wa mirathi. Msimamizi aliyetajwa humo ndiye atakayekuhamishia gari kwa NTSA, mamlaka ya usafiri, kupitia mtandao wa eCitizen. Wewe pia fanya utafutaji wa namba ya gari humo humo, kisha linganisha namba ya chasi na ya injini na zilizogongwa kwenye chuma. Usitoe hata shilingi ya kushikia kabla ya hati hiyo. Nimeona mteja akifufua gari kwa miezi minane, halafu binti wa marehemu akatokea kutoka Lamu na haki yake mkononi, na haki ilikuwa yake kweli.

Mirathi ikikaa sawa na bati likiwa zima, mimi ningewapa 120,000. Wakishikilia 250,000, waache. Hizo 130,000 zinazobaki ni za gari lenyewe, na zitakwenda.

Lichukuliwe na brekidauni ya kubeba, si ya kuvuta, maana breki huenda zimekamata na vifuniko vya mpira vimepasuka. Plagi nne zitolewe, kila silinda itiwe vijiko viwili vya oili nyepesi, liachwe siku tatu. Kisha fundi azungushe injini kwa mkono, kwa spana, taratibu. Ikigoma asiilazimishe, aongeze oili na angoje tena. Ikizunguka, oili ya zamani imwagwe, filta ibadilishwe, oili mpya itiwe, halafu ndipo betri ije, injini izungushwe kwa ufunguo plagi zikiwa bado nje, mpaka taa ya oili izime. Tangi lishushwe lioshwe. Petroli ya 2009 imegeuka gundi, utaijua kwa harufu ya vanishi, na ikipita hata kidogo itaziba karibureta. Siku ya kwanza liwashwe kwa petroli mpya ya kwenye jerikeni, na fundi asikilize akiwa na mkono kwenye ufunguo.

Breki sitaki zitazamwe tu, nataka zifanywe upya zote. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu wa Mombasa unaujua. Humo ndani pistoni ndogo zimeota kutu na mipira imekuwa migumu. Breki hizo zinaweza kushika vizuri mara kumi katika uwanja wa gereji, na mara ya kumi na moja pedali ikazama mpaka sakafuni. Wewe utasimama na gari hili kwenye mteremko wa feri, watoto nyuma, watu wanaotembea kwa miguu wamejaa mbele yako. Mipira yote, mafuta mapya, paipu mpya za mpira, na handibreki inayolishika gari peke yake mlimani. Fundi akikwambia "hizi bado nzima mama", tafuta mwingine.

Spea za 504 zipo, lakini hutafutwa. Hazining'inii kila duka kama za Toyota. Kwa hiyo miezi miwili ya mwanzo endelea na matatu yako. Gari lilipande kilima cha Mazeras na kurudi, mara mbili, siku za Jumamosi, ukiwa na fundi kando, ukitazama mshale wa joto. Likirudi Likoni bila kuchemka na bila kudondosha tone, hapo wapandishe wanao.

Na Jumapili nenda, usikose, familia isidhani umewakimbia. Chukua sumaku, tochi, bisibisi, na kanga ya zamani ya kulalia chini ya gari. Msalimie mjane, mwulize gari lilikuwa likipelekwa kwa fundi gani na kama kuna risiti zozote kabatini. Karani wa bandari wa zama zile alikuwa mtu wa kuhifadhi karatasi. Ukipata risiti ya huduma ya mwaka 1995 yenye kilomita juu yake, utakuwa umeijua mita ile kuliko mimi.