Anayekuuzia dawa hana haki ya kukupimia imani

SWALI: Assalaam alaykum, shehe. Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Ada yangu ya hedhi ni siku 6, lakini safari hii leo ni siku ya 20, damu haijabadilika hata rangi, na sijaswali siku zote hizo. Kuna mama ananiuzia chupa ya mizizi na habasoda, anasema ni tiba ya Mtume: nisipopona imani yangu haba, nikienda hospitali nimeikadhibisha hadithi. Mume wangu anataka mtoto. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu, pole sana. Damu ikivuka siku 15, kwa madhehebu ya Shafi, ni istihadha, yaani damu ya ugonjwa isiyo hedhi, nawe unarudi kwenye ada yako ya siku 6. Oga josho, jifunge pedi, tia udhu kila wakati wa faradhi unapoingia, uswali. Zile siku 14 zilizozidi uzilipe kidogo kidogo. Hukujua, usijilaumu.

La chupa ndilo lililoniudhi. Miti shamba ni halali, ikiwa safi na haina mambo ya hirizi. Lakini kumtisha mgonjwa kwa jina la Mtume (s.a.w.) ili anunue! Hadithi kwamba habasoda ni dawa ya kila ugonjwa isipokuwa kifo ni sahihi, iko kwa Bukhari na Muslim, na mwanachuoni Al-Khattabi ameeleza kuwa tamko lake ni la jumla ila makusudio ni maradhi maalumu. Katika kitabu cha hadithi cha Abu Daud imo nyingine ambayo wauzaji hawaisomi: anayetibu watu naye hajulikani kwa utabibu, madhara ni juu yake. Dini yenyewe inamdai ushahidi. Ni mizizi gani? Kipimo chake? Amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili, na sheria yake ipo tangu 2002? Tangawizi imefanyiwa majaribio, ikaonekana kupunguza maumivu ya hedhi. Maumivu si damu ya siku 20.

Fatima bint Abi Hubaysh, mwanamke wa zama za Mtume, alipolalamika kuwa damu haikatiki, Mtume alimjibu kwamba huo ni mshipa unaotoa damu, si hedhi. Hakumgusia imani.

Iache chupa, nenda hospitali ya Sekou-Toure au Bugando, usingoje. Waanze na kipimo cha mimba, maana damu kama hiyo yaweza kuwa mimba inayoharibika au iliyotunga nje ya kizazi, na mizizi usiyoijua ni hatari hapo. Wapime wingi wa damu, na utrasaundi ionyeshe kama kuna uvimbe. Kama ulichoma sindano ya uzazi wa mpango, waambie bila haya. Ukizidiwa na kizunguzungu, nenda hata usiku. Na mumeo apimwe pia. Mtoto akichelewa, sababu huweza kuwa kwake.