Ukifika Barranco, usiiguse senesio

Kila Desemba, vikundi vinavyopanda Kilimanjaro kuadhimisha Uhuru vikianza kujiandaa hapa Moshi, maswali ninayopata ni yale yale: glovu gani, dawa gani ya kichwa, kileleni kuna mtandao? Mimi kazi yangu ni kuongoza watu mlimani, na nina ombi moja kabla hamjafunga mabegi.

Senesio ya Kilimanjaro, mmea mkubwa wenye umbo la mti, haioti mlima mwingine wowote. Utaikuta kwa wingi bonde la Barranco, karibu na mita 4,000, na zipo zinazofikia mita 5. Shina lake limevikwa majani makavu, na wapandaji wengi huyaona takataka. Wakisubiri chai, mikono inawasha, wanayachomoa. Acheni. Usiku maji ya kwenye ndoo yanaganda, lakini ya ndani ya shina hayagandi, kwa sababu ya majani hayo hayo. Yakivuliwa, baridi inalifikia shina.

Angalieni na matawi. Senesio huchanua kwa nadra sana, na shina hugawanyika baada ya kuchanua. Yenye matawi kadhaa imeshapitia hayo mara kadhaa, kwa miaka mingi. Halafu mtu anakuja kuliegemea apige selfi!

Ninachokiogopa zaidi ni moto. Oktoba 2020 uliwaka kuanzia Whona, njia ya Marangu. Oktoba 2022 ukazuka karibu na kambi ya Karanga, jirani kabisa na Barranco. Moto wa mara kwa mara na ukame umeshaushusha mpaka wa juu wa msitu, na msitu ule ndio unaonasa maji ya ukungu. Kuni ni marufuku, wapishi wanatumia gesi, sawa. Ila wavutaji mpo. Kipisi zima kwa maji, tia kwenye chupa, shuka nacho.

Njia ikiwa na tope, piteni humo humo kwenye tope. Pembeni ndiko iliko miche, na senesio changa ni kama kabichi tu, unaikanyaga bila kujua. Wagumu, yaani wapagazi, nao, wakiwa na kilo 20 mgongoni, hulazimika kutoka njiani kwa sababu wageni wamejipanga katikati wakihema. Ukisikia hatua nyuma yako, panda juu ya jiwe, simama, waache wapite njiani.