Nguo za fagia zinanilisha, lakini kwanza zilinitia aibu

Jumatatu dada mmoja wa Nakuru aliniandikia: "Unapataje pesa kwa nguo ambazo hata Gikomba zimekosa mnunuzi?" Najua wengi mnaonisoma mnatafuta hicho hicho, kazi yenu wenyewe isiyodai mtaji wa kununua belo ya mitumba, kwa hiyo nawajibu nyote.

Belo ikifunguliwa Gikomba, soko la mitumba jijini Nairobi, kamera, yaani nguo bora kabisa, ndizo huondoka kwanza. Watu wakishachagua na kuchagua tena, hubaki fagia: shati lenye doa la wino, suruali yenye zipu iliyokufa, fulana iliyotoboka kwapani. Zikikosa mtu kabisa huishia kandokando ya Mto Nairobi au jaani Dandora. Hizo ndizo nilizoanza kukusanya mwaka 2019, nikiwa na mkasi mmoja na magunia ya kuomba.

Nilitaka kuwauzia makanika wa Grogan matambara ya kupangusia oili. Nikakata kila kilichonijia mkononi, nikashindilia, nikapeleka magunia matatu kwenye gereji moja. Kesho yake mwenyewe akaniita. Matambara yalikuwa yanaisambaza oili badala ya kuinyonya, na kifungo nilichokisahau kwenye kipande cha shati kilikuwa kimechora mlango wa gari la mteja lililotoka kupigwa rangi. Akayamwaga magunia yote barabarani, vijana wake wakitazama. Akaniita chokoraa wa matambara. Niliokota kipande kimoja kimoja huku nikilia, na mpaka leo sipiti mbele ya gereji ile.

Shangazi yangu, fundi wa cherehani tangu ujana wake, ndiye aliyenitoa gizani. Alivuta nyuzi chache, akazishika kwa koleo juu ya beseni la maji, akaziwasha. Pamba iliungua kama karatasi ikaacha jivu laini. Poliesta iliyeyuka, ikaacha punje nyeusi ngumu, kwa sababu asili yake ni petroli, ni ndugu ya plastiki. Sufu ilinuka nywele zilizoungua. Tangu siku hiyo nachambua kwanza. Pamba huenda gereji. Fulana za pamba nazikata utepe mrefu, ukiuvuta hujikunja wenyewe, nasuka vikanyagio vya mlangoni. Sweta za sufu nazifumua nipate uzi. Poliesta naikatakata vipande vidogo vya kujazia mito, ikiwa imefuliwa na kukauka kabisa.

Chambua kwanza, narudia. Jamani, tunalalamika Mto Nairobi unanuka, kisha tunachoma nguo nyuma ya nyumba na kuwavutisha watoto wetu moshi wa plastiki! Nguo uliyoivaa miaka mitatu haikosi kukudai dakika tano za kuikagua. Tuache uvivu huu.

Dada wa Nakuru, anza na gunia moja. Toa vifungo na zipu kabla hujashika mkasi, si baadaye. Mimi vifungo nawauzia mafundi wa cherehani, napima kwa kikombe.

Mwezi uliopita gereji nne za Grogan zilinunua kwangu kilo 210. Moja ni ya kijana aliyekuwa akitazama siku ile nikiokota matambara barabarani. Huja kila Jumamosi, na kabla ya kulipa huingiza mkono mpaka chini ya gunia, akitafuta kifungo.