Jibu: Kikomo cha siku 90 Databricks, mbona tokeni za zamani bado zinafanya kazi?

Mkuu, hukukosea. Ukiweka maxTokenLifetimeDays (mpangilio wa Databricks, jukwaa la kuchakata data, unaopanga siku nyingi zaidi ambazo tokeni inaweza kudumu) kuwa "90", kikomo kinabana tokeni mpya tu, yaani funguo za siri ambazo programu hutumia kuingia badala ya nywila. Zilizotolewa kabla yake zinabaki na muda wake wa awali. Hizo uzifute mwenyewe.

Ukiwa na haki za admini, endesha amri ya databricks token-management list, inayoorodhesha tokeni zote. Angalia expiry_time (muda wa kuisha) ya kila moja: penye -1, tokeni hiyo haina mwisho. Anza na hizo. Lakini usifute kabla ya kusoma maelezo yake na jina la aliyeitengeneza, kwa sababu nyingi huwa zimefichwa ndani ya kazi za usiku au ripoti za Power BI, na zikikatika utapigiwa simu alfajiri. Kazi za namna hiyo zihamishie kwanza kwenye akaunti ya huduma (isiyo ya mtu fulani) inayoingia kwa OAuth, njia inayotumia vibali vya muda mfupi, si tokeni ya mfanyakazi anayeweza kuacha kazi kesho. Ndipo utumie databricks token-management delete na kitambulisho cha tokeni (token_id).

Ukibadili mpangilio kupitia API ya workspace-conf (njia ya programu kutuma mipangilio ya workspace moja kwa moja), thamani zote ziwe maandishi ndani ya alama za nukuu, hata namba na "true". Hapo ndipo wengi hukwama.