Mgeni wa Liverpool, Kabla Hujavaa Skafu

Septemba imefika na treni za Lime Street zinashusha tena vijana wetu na mabegi yao. Wa Dar, wa Mombasa, wa Bujumbura, wote wanaijua Liverpool kabla hawajaikanyaga. Watakutajia kikosi cha fainali ya Ulaya ya Istanbul 2005 mmoja mmoja, na watakwambia Origi, mtoto wa Mike Okoth wa Harambee Stars, alifunga dakika ya ngapi dhidi ya Barcelona. Wiki ya kwanza haijaisha, wanarudia makosa yale yale ya kundi la mwaka jana na la mwaka juzi. Televisheni imewafundisha timu. Mji haikuwafundisha. Haya basi, wadogo zetu, someni kabla hamjatoka bwenini.

1. Skafu ya rangi mbili usinunue. Ni ile yenye Liverpool upande mmoja na timu mgeni upande wa pili, tarehe ya mechi katikati, inayouzwa Walton Breck Road nyuma ya Kop, jukwaa maarufu la Anfield, uwanja wa Liverpool. Hakuna atakayekugusa ukiivaa, ila hakuna atakayekusemesha. Anayekwenda uwanjani kila wiki anaona umekuja kutazama maonyesho. Nunua ya rangi moja, au nenda shingo wazi.

2. Gazeti. Hapa nitakaa, kwa sababu wengi wetu tuliotangulia tulikosea hapa na aibu yake haijatutoka.

Huanza kwa wema kabisa. Mtu anarudi kutoka London asubuhi, anachukua The Sun stesheni kwa ajili ya kurasa za michezo, analikunja kwapani, anafika nalo kazini na kuliweka juu ya meza ya chumba cha chai. Mazungumzo yanakatika. Mama wa makamo ambaye tangu Jumatatu alikuwa akimwita "love" anasimama, anasuuza kikombe, anatoka bila neno. Kijana anabaki anajiuliza: ni rangi yangu? Ni lafudhi? Nilisahau kusalimia? Wiki nzima anatafuta kosa lake kila mahali isipokuwa pale mezani, na hakuna wa kumwambia, kwa sababu kila mmoja anaamini amefanya makusudi. Mtu anawezaje kuishi Liverpool asijue?

Sasa ujue. Tarehe 15 Aprili 1989 Liverpool ilicheza nusu fainali ya Kombe la FA na Nottingham Forest katika uwanja wa Hillsborough, Sheffield. Mashabiki wa Liverpool walipangiwa kuingilia Leppings Lane, kwenye milango michache ya kuzunguka. Msongamano wa nje ulipozidi, kamanda wa polisi aliruhusu lango kubwa, Gate C, lifunguliwe, lakini hakuna aliyeziba njia ya chini ya jukwaa iliyoelekea moja kwa moja kwenye vizimba vya katikati, ambavyo vilikwisha kujaa. Watu wakatiririka mle. Mbele palikuwa na uzio wa chuma. Waliokuwa mbele walibanwa wakiwa wamesimama, wakakosa pumzi. Refa alisimamisha mechi dakika ya 6. Waliokufa ni 97. Mdogo wao alikuwa na miaka 10, na wa mwisho alifariki Julai 2021, baada ya kuishi na majeraha yake miaka 32.

Siku nne baada ya maafa, gazeti lile la The Sun lilichapisha ukurasa wa mbele wenye kichwa kinachomaanisha "Ukweli", likidai mashabiki waliwaibia majeruhi na maiti na kuwakojolea polisi. Ulikuwa uongo. Fikiria mama anayezika mtoto wiki ile anasoma hayo. Septemba 2012 jopo huru lilionyesha kuwa taarifa 164 za askari zilibadilishwa, 116 kati yake kwa kuondoa maneno yaliyowalaumu polisi. Tarehe 26 Aprili 2016 baraza la wazee wa mahakama liliamua kwamba watu wale waliuawa kinyume cha sheria na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa. Ilikuwa miaka 27 ya familia kupanda na kushuka ngazi za mahakama.

Ndiyo maana maduka mengi ya hapa hayaliuzi. Juni 2014, gazeti lilipogawiwa bure nchi nzima kwa ajili ya Kombe la Dunia, wafanyakazi wa posta wa Liverpool walikataa kulipeleka majumbani. Mwaka 2017 Liverpool na Everton, kila klabu kwa wakati wake, zilifunga milango kwa waandishi wake. Kwa hiyo usilinunue, usilibebe, usitume kiungo chake kwenye kundi la WhatsApp la kazini hata kama habari ni ya usajili. Na ukishateleza, sema tu: samahani, sikujua. Litupe mbele yao. Utashangaa watu wanavyolainika. Yule yule mama wa kikombe atavuta kiti na kukueleza nani alikuwa Leppings Lane, nani alirudi na nani hakurudi. Msikilize mpaka amalize.

Humo humo ziweke zile nyimbo za kejeli mlizookota kwenye video, hasa ninyi wa Manchester United. Kuna zinazowaita watu wa hapa wauaji, kuna zinazowaita walalamishi wa kudumu, kuna zinazocheka umaskini wao. Kuwadhihaki waliokufa uwanjani si utani wa jadi. Tangu 2023 waendesha mashtaka wanaishughulikia dhihaka hiyo kama kosa la jinai, na watu wamezuiwa kuingia viwanjani kwa ajili yake.

Ukisikia wimbo wa taifa unazomewa fainali, usigeuke na uso wa mshangao. Mwaka 1981, baada ya ghasia za mtaa wa Toxteth hapa mjini, Waziri wa Fedha Geoffrey Howe alimshauri Waziri Mkuu Thatcher kwa siri kwamba serikali isimwage fedha Liverpool na ifikirie kuuacha mji upungue taratibu. Nyaraka zilifunguliwa mwishoni mwa 2011, lakini watu wa hapa walikwisha kuziishi.

3. Everton si timu ndogo. Mashabiki wa mbali huiita ndogo mbele ya mtu asiyefaa kuambiwa, kwa kawaida mwenye nyumba wao. Everton ndiyo iliyocheza Anfield kwanza, kuanzia 1884. Mwaka 1892 waligombana na mwenye nyumba, John Houlding, juu ya kodi na uongozi, wakavuka Stanley Park wakajenga uwanja wa Goodison. Houlding akabaki na uwanja usio na timu, akaanzisha Liverpool. Everton ina mataji 9 ya ligi na haijashuka daraja tangu ilipopanda 1954. Sisi wa Afrika Mashariki tunayo njia ya kulielewa hili, ila msifikirie Simba na Yanga, fikirieni Gor na AFC: ni mashemeji. Baba bluu, mama mwekundu, watoto wamegawanyika, na wote wanakula meza moja Jumapili. Wiki moja baada ya Hillsborough, skafu nyekundu na bluu zilifungwa pamoja, moja kwa nyingine, kutoka Goodison kupita Stanley Park mpaka Anfield. Mwezi uliofuata timu hizo mbili zilikutana fainali ya Wembley, na Liverpool ikashinda 3-2.

Utani upo, tena mkali, na utaruhusiwa kuutumia ukishajulikana. Mpaka hapo, sikiliza.

4. Siku ya mechi. Tiketi iko kwenye simu: iweke kwenye pochi ya simu ukiwa bado kwenye intaneti ya nyumbani, na ufike na chaji, kwa maana simu ikizima getini umebaki nje. Usinunue kwa mtu wa Instagram. Kuuza tiketi ya mpira bila idhini ni jinai hapa tangu sheria ya 1994, na ya kughushi huijui mpaka mlango ukatae. Kwenda Anfield kuna basi 917 la moja kwa moja kutoka mjini, au shuka Sandhills upande basi la mashabiki, au tembea kama dakika 45 kutoka Lime Street. Everton ilihama Goodison 2025 kwenda Bramley-Moore Dock, kando ya mto. Stesheni ya karibu ni ile ile Sandhills, na baada ya mechi foleni yake ni ndefu, bora urudi mjini kwa miguu. Upepo wa Mersey pale unapenya sweta, vaa koti hata Agosti. Pombe usipande nayo kitini, sheria inakataza kunywa mahali panapoonekana uwanja. Kop watu husimama, usiwaombe wakae. Ule wimbo wa Anfield, You'll Never Walk Alone, unapoanza kabla ya mpira, inua skafu na uimbe. Simu iache mfukoni.

5. "Unatoka nchi gani?" Swali hili tunawauliza weusi wenzetu kwa upendo, tukitafuta ndugu. Toxteth, yaani Liverpool 8, kuna familia nyeusi zilizokaa hapa vizazi vingi, watoto wa mabaharia wa Afrika Magharibi, Somalia, Karibiani. Ni miongoni mwa jamii kongwe kabisa za weusi Uingereza. Ukimuuliza mzee wa pale anatoka wapi, unarudia alichoulizwa maisha yake yote na watu waliotaka aondoke. Juni 1919 baharia mweusi Charles Wootton alifukuzwa na umati mpaka Queens Dock akafa majini. Mzee huyo anatoka Granby Street, pale pale Toxteth. Muulize anashabikia nani, mazungumzo yatajileta yenyewe.

6. Chungu. Watu wa hapa wanaitwa Scouser kwa sababu ya chungu cha scouse, mchuzi wa mabaharia ulio na ndugu zake Hamburg na Norway. Ukialikwa kuupika, au ukitaka kuwakirimu wenzio wa nyumba tarehe 28 Februari, siku yake, fanya hivi. Kilo moja ya nyama ya ng'ombe ya kuchemsha au shingo ya kondoo, kilo moja na nusu ya viazi, karoti nne, vitunguu viwili vikubwa. Kaanga nyama mpaka iwe ya kahawia, tia vitunguu. Viazi vigawe mafungu mawili. Fungu la kwanza likate vidogo vidogo, litie sasa hivi na maji ya kufunika, moto mdogo, saa moja na nusu. Hivyo vitavurugika, na ndivyo vinavyoupa mchuzi uzito. Kisha tia fungu la pili katika vipande vikubwa pamoja na karoti, saa moja nyingine. Chumvi na pilipili manga, basi.

Vijana wetu hutia viazi vyote kwa mara moja, wakapata ama maji yenye viazi ama uji. Wengine huona chungu kimepooza wakaongeza nyanya, bizari na tui. Kitakuwa kitamu, nakubali, lakini kitakuwa mchuzi wa kwenu, na mwenyeji aliyekuja kula scouse atakula kwa heshima tu. Ukali wake uko pembeni: kabichi nyekundu ya siki, au bitiruti ya siki, na mkate wenye siagi. Nyama halali iko Lodge Lane. Kisicho na nyama huitwa scouse kipofu. Kiporo cha kesho yake ndicho kitamu zaidi.

7. Matamshi. Usiige lafudhi, itasikika kama dhihaka. Ila kuielewa tuna bahati: "k" ya mwisho hapa hutamkwa "kh", ile ya kheri, kwa hiyo "back" ni "bakh". Masikio ya mtu wa pwani yanaizoea upesi. "Sound" ni poa, "boss" ni safi sana, "made up" ni nimefurahi, "jarg" ni feki, "ozzy" ni hospitali. Wale ndege wa sanamu walio juu ya Royal Liver Building, lile jengo la 1911, huitwa Liver, na hutamkwa "laiva", si "liva". Ukishuka kwenye basi, mshukuru dereva kwa sauti.

8. Njoo na kopo. Kabla ya mechi za nyumbani utawakuta nje ya uwanja mashabiki wa timu zote mbili wakikusanya chakula pamoja. Walianza 2015, na kauli yao ni kwamba njaa haivai rangi za klabu. Maharage ya kopo, samaki wa kopo, tambi, mchele, maziwa yasiyohitaji friji, sabuni na nepi vinapokelewa. Vya friji usilete, na angalia tarehe ya mwisho. Wape mkononi, usiweke chini ukaondoka: watakuuliza jina, na wiki ijayo watakuita kwa hilo.